Uchumi Usisubiri Kidato cha Tano

Oktoba ikifika, wilaya za Newala na Tandahimba mkoani Mtwara hazina habari nyingine ila mnada. Korosho zimekwisha kuokotwa, kuanikwa na kujazwa magunia. Zimepita chama cha msingi, zimefika ghala kuu, na kila mwenye mikorosho anasubiri bei. Tangu msimu wa 2024/25 mnada unaendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Bei za wanunuzi husomwa mbele ya wakulima, nao hukubali au hugoma. Siku hiyo hiyo watoto wao wako darasani, katika shule za sekondari za kata zile zile, wakisoma mambo mengi yenye manufaa. Kuna moja hawalisomi: kwa nini bei imekuwa ile.

Kwao swali hilo si dogo. Ndilo linaloamua kama nyumba itaezekwa bati mwaka huu au itangoja mwakani, na kama dada aliyefaulu ataenda chuo.

Msimu wa 2017/18 kilo moja ilipita shilingi 4,000. Mwaka uliofuata wanunuzi walikuja na bei zilizoshuka mno, wakulima wakakataa kuuza, minada ikakwama. Novemba 2018 Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali itazinunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na magari ya Jeshi la Wananchi yakaingia Kusini kubeba magunia. Kila mtu mzima wa Mtwara na Lindi anakikumbuka kisa hicho, na ndani yake mna nusu nzima ya kitabu cha uchumi. Mna mahitaji na ugavi. Mna soko la dunia, kwa kuwa korosho nyingi ya Tanzania husafirishwa ikiwa ghafi kwenda kubanguliwa India na Vietnam, na ghala zikijaa huko, Tandahimba inasikia. Mna suala la viwanda vya kubangua vilivyojengwa Kusini miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambavyo vingi vilifungwa, na sababu za kufungwa kwake. Mna gharama ya kuhifadhi mali, na swali gumu kuliko yote: Serikali inaponunua kwa bei iliyo juu ya soko, nani anabeba hasara?

Mna pia kangomba, biashara ya nje ya mfumo ambamo mkulima aliyebanwa na shida humuuzia mwenye fedha taslimu kwa bei ya chini, mara nyingine hata kabla ya kuvuna. Kwa miaka mingi viongozi wameipiga vita kangomba kama kosa la tabia. Mwalimu wa uchumi angeanzia penginepo. Angewauliza wanafunzi: mtu anayehitaji shilingi elfu hamsini leo, mtoto akiwa hospitali, ana njia gani nyingine ya kuzipata? Riba ya njia hiyo ni kiasi gani ukilinganisha na anachokipoteza kwenye kangomba? Darasa lililojibu maswali hayo mawili kwa kalamu na karatasi lingeelewa mambo ya mikopo vijijini vizuri zaidi kuliko kwa hotuba kumi za jukwaani.

Tatizo ni kwamba darasa hilo halipo. Kwa muda mrefu Uchumi kama somo linalojitegemea umekuwa ukianza kidato cha tano nchini Tanzania, tena kwa waliopangiwa tahasusi zenye somo hilo: HGE (Historia, Jiografia na Uchumi), EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati), ECA (Uchumi, Biashara na Uhasibu) na nyingine chache. Watahiniwa wa kidato cha nne ni zaidi ya nusu milioni kwa mwaka. Wa kidato cha sita ni kama laki moja na ushee. Katika hao laki moja, wanaosoma Uchumi ni sehemu tu. Waliobaki, yaani walio wengi mno, wanaingia maishani bila kuwahi kukaa hata kipindi kimoja wakielezwa mfumuko wa bei ni nini, deni la taifa linalipwaje, au kwa nini shilingi hushuka dhidi ya dola.

Na hao waliobaki ndio uchumi wenyewe. Ndio watakaoendesha bodaboda, watakaolima mpunga Mbarali na vitunguu Mang'ola, watakaofungua saluni, genge na kibanda cha wakala wa fedha. Nchi imeamua kuwafundisha uchumi wale watakaokuwa maofisa, ikawanyima wale watakaouzalisha. Kama kuna jambo moja la kurekebishwa katika elimu ya sekondari kwa ajili ya maendeleo ya taifa, ni hilo.

Wapo watakaosema limekwisha kurekebishwa. Ni kweli hatua kubwa imepigwa. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 kwa kidato cha kwanza, chini ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 toleo la 2023, umelifanya somo la Elimu ya Biashara kuwa la lazima. Zamani mtoto angeweza kumaliza kidato cha nne bila kugusa daftari la hesabu za biashara, sasa hawezi. Waliopigania mabadiliko hayo wanastahili shukrani ya dhati, maana wahenga walikwisha kuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Lakini biashara na uchumi si kitu kimoja. Elimu ya biashara inamfundisha mtu kuendesha duka lake: kununua, kuuza, kutunza kumbukumbu, kumjali mteja. Uchumi unamfundisha kuelewa kwa nini maduka yote ya mtaa yamekosa wateja mwezi ule ule. Mwenye duka akikosa maarifa hayo ya pili atadhani amerogwa, au mpangaji wa jirani anamharibia, kumbe watumishi hawajalipwa, au mvua zimekatika na mahindi yamepanda bei hadi fedha zote za mtaa zinaishia kwenye unga.

Wazo la kuifungamanisha shule na uchumi si geni. Machi 1967, mwezi mmoja tu baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shule iwe sehemu ya uchumi wa kijiji, iwe na shamba, na wanafunzi washiriki kupanga na kuamua matumizi ya kinachopatikana. Miaka ya 1970 sekondari zikagawanywa kwa michepuo: kilimo, biashara, ufundi, sayansi kimu. Wengi waliosoma enzi hizo wanalikumbuka jembe kuliko hesabu. Shamba lilikuwepo, mazao yalivunwa, ila kupanga na kuamua kulibaki ofisini, na pengine kulima kukageuka adhabu ya wachelewaji. Sehemu ya mikono ya andiko lile ilitekelezwa. Sehemu ya akili, ile ya kuuliza shamba limeingiza nini na limekula nini, ilisahaulika njiani.

Hasara ya kusahau huko inaonekana mitaani kila siku, na hakuna mahali inapouma kama kwenye mikopo. Watu wameipa jina wenyewe: kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za kukopesha mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Taasisi za huduma ndogo za fedha zenye leseni zimewekewa ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Ukomo huo una maana kwa mtu anayeweza kupima riba anayotozwa. Asiyeweza, sheria haimfikii.

Uchukuliwe mfano wa kubuni tu, unaofanana na mikataba ya mtaani. Mama lishe anakopa shilingi 200,000 na kutakiwa kurejesha 10,000 kila siku kwa siku 26. Mkopeshaji anamwambia riba ni asilimia 30, na kweli 260,000 ukitoa 200,000 ni 60,000. Kinachofichika ni kwamba mama huyo hakukaa na laki mbili kwa siku zote 26. Kesho yake tu alianza kurudisha. Baada ya wiki mbili sehemu kubwa ya mtaji haipo tena mikononi mwake. Kwa wastani wa kipindi chote amekuwa na takriban laki moja, na kwa laki hiyo moja amelipa elfu sitini. Riba halisi imekaribia mara mbili ya iliyotajwa. Hesabu hiyo haihitaji chuo kikuu. Inahitaji kidato cha pili, mwalimu mwenye ari na dakika arobaini.

Upatu nao una historia yake. DECI, taasisi iliyowavuta watu kwa maelfu kwa lugha ya kupanda mbegu na kuvuna, ilizimwa na Serikali mwaka 2009, fedha za wengi zikiwa zimekwisha kuingia. Watoto waliozaliwa mwaka huo walikuwa sekondari mwaka 2025, wakati mipango mingine ya aina hiyo, safari hii ya kwenye simu, ilipoanguka na watu kukamatwa katika mikoa kadhaa. Kati ya tukio la kwanza na la pili kulikuwa na miaka 16 ya kuwafundisha watoto jambo moja jepesi. Mtu mmoja anapoingiza wawili, na kila mmoja wao akaingiza wawili, ukifika mzunguko wa 25 waliojiunga wanatakiwa wawe zaidi ya milioni 67. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, pamoja na wachanga walio mgongoni. Mwanafunzi aliyewahi kuujaza ubao kwa namba hizo, moja, mbili, nne, nane, hadi chaki inamwishia, atamjibu nini mjomba anayekuja nyumbani na habari njema za kuvuna mara mbili?

Yote hayo ni ya mtu na mfuko wake. Kuna pia mfuko wa wote.

Julai 2021 Tanzania ilianzisha tozo kwenye miamala ya simu, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi kinachotumwa. Serikali ilieleza kuwa fedha hizo zitajenga vituo vya afya na madarasa. Wananchi walilalamika kwa sauti kubwa, na Septemba ya mwaka huo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Baadaye ikaendelea kupunguzwa na kufutwa hatua kwa hatua. Mjadala ule ulikuwa mkali, ila ulikuwa na pengo. Wengi waliongea juu ya uchungu wa kukatwa, wachache waliuliza maswali ya kiuchumi: kodi ya namna hii inamwangukia nani zaidi, anayetuma elfu kumi kwa bibi au anayetuma milioni? Watu wakirudi kubeba fedha mfukoni, mapato yaliyotarajiwa yatapatikana? Kama si tozo, kituo cha afya kijengwe kwa kodi ipi? Raia akiweza kuuliza hivyo, hata waziri hulazimika kuja na majibu yenye takwimu.

Kenya ilionyesha mwaka 2024 jinsi vijana wanavyoweza kujifunza haraka wakiamua. Muswada wa Fedha wa mwaka huo ulipotoka, vijana waliusoma kifungu kwa kifungu, wakaufafanua kwa video fupi, wakautafsiri kwa Kiswahili na lugha nyingine za nyumbani. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwenye mkate na kodi ya kila mwaka kwenye magari zikawa mazungumzo ya kwenye matatu na vibandani. Juni 25 waandamanaji waliingia Bungeni Nairobi, watu waliuawa, siku iliyofuata Rais William Ruto akakataa kuutia saini muswada huo. Mtu anaweza kuwa na maoni yoyote juu ya maandamano yale. Lililo wazi ni kwamba kizazi kizima kilijisomesha fedha za umma ndani ya wiki chache, mtaani, kwa gharama ya damu, jambo ambalo lingepaswa kufundishwa taratibu darasani kwa miaka minne.

Lipo pia suala la lugha, na hapa mambo yanazidi kusikitisha. Bajeti ya Tanzania husomwa Bungeni kwa Kiswahili. Magazeti huandika nakisi, urari wa malipo, hatifungani, pato la taifa, amana, dhamana. Maneno hayo yapo, yamekomaa, na msomaji wa kawaida anayatumia. Mwanafunzi wa kidato cha tano, kinyume chake, anasoma Uchumi kwa Kiingereza, anakariri fasili kwa Kiingereza, anajibu mtihani kwa Kiingereza. Akirudi nyumbani likizo, baba akamuuliza riba ya Benki Kuu ikipungua yeye mwenye mkopo wa trekta atapata nafuu gani, kijana anababaika. Anajua jibu kwa lugha ambayo baba hakuiuliza. Tangu Januari 2024 Benki Kuu inaongoza sera ya fedha kwa kutangaza riba yake kila robo mwaka, ikianzia asilimia 5.5, tangazo hilo linamhusu baba yule moja kwa moja, na mtu pekee wa kumfasiria yuko mezani naye, hana maneno.

Hata bila kungoja uamuzi mkubwa wa lugha ya kufundishia, hakuna kinachomzuia mwalimu kuleta gazeti la Kiswahili darasani siku ya bajeti. Bajeti ya 2025/26 ilikuwa shilingi trilioni 56.49. Namba hiyo ni kubwa mpaka haisemi kitu. Igawanywe kwa Watanzania waliohesabiwa mwaka 2022, inatoka kama shilingi 915,000 kwa kila mtu kwa mwaka. Sasa inasema. Kwa kiasi hicho kila mmoja ajengewe barabara, alindiwe mipaka, alipiwe mwalimu na muuguzi, na deni la nchi lilipwe. Wanafunzi waipange wenyewe kwenye makundi, wabishane, kisha walinganishe na alivyopanga Waziri wa Fedha.

Vivyo hivyo kuhusu bei. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa mfumuko wa bei kila mwezi; wastani wa mwaka 2024 ulikuwa asilimia 3.1. Mama mwenye watoto watano akisikia hivyo redioni hutikisa kichwa, maana kwake sukari na maharage havikupanda kwa asilimia tatu tu. Hakuna anayedanganya hapo. Kapu la bidhaa la taifa lina vitu vingi ambavyo mama huyo hanunui, na kapu lake limejaa chakula. Wanafunzi wa kidato cha tatu wakipewa daftari, waende gulioni kila wiki kuandika bei ya unga, mafuta ya kula, mkaa, dagaa na sabuni, mwisho wa muhula watakuwa na kapu lao la kata yao. Watajua asilimia inatokana na nini. Watajua pia kwamba takwimu ni kazi ya mikono ya watu, inaweza kukaguliwa, na inaweza kuulizwa.

Pingamizi kubwa lipo, na lina uzito: walimu ni wachache, ratiba imejaa, na Hisabati yenyewe inachechemea. Katika mitihani ya kidato cha nne ya 2023 na 2024, takriban robo tu ya watahiniwa walifaulu Hisabati. Mtoto asiyejua asilimia atafundishwaje riba? Jibu ni kwamba pengine hajui asilimia kwa sababu hajawahi kuikuta mahali inapomhusu. Hisabati ya mkopo wa kausha damu ina mvuto ambao namba zisizo na mwenyewe hazina. Na hakuna haja ya kuongeza somo jipya. Nafasi ipo ndani ya Elimu ya Biashara, ndani ya Hisabati, ndani ya Jiografia inapozungumzia kilimo na biashara ya nje. Kinachotakiwa ni mada, mwongozo mzuri wa mwalimu kutoka Taasisi ya Elimu Tanzania, na semina za walimu zisizoishia kwenye posho ya chai.

Ahadi nazo ziwe za kweli. Rwanda imelifanya somo la ujasiriamali kuwa la lazima sekondari, na watafiti walipojaribu kuwaimarisha walimu wa somo hilo katika shule zaidi ya mia mbili, waligundua kwamba wanafunzi wengi zaidi walianzisha vibiashara, ila kipato chao kwa jumla hakikuongezeka. Matokeo hayo yanafaa kuwatuliza wale wanaodhani kipindi cha ujasiriamali kitamaliza tatizo la ajira. Kijana anaweza kufundishwa kufungua genge. Kama mtaa mzima umefungua genge, hakuna mteja. Hapo ndipo uchumi unapohitajika pamoja na ujasiriamali, ili kijana aweze kuusoma mtaa kabla ya kuutupia mtaji wake.

Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, iliyozinduliwa Dodoma Julai 2025, inataka uchumi wa dola trilioni moja na pato la dola 7,000 kwa mtu. Mtoto aliyeingia kidato cha kwanza Januari 2024 atakuwa na miaka kama 40 Dira hiyo itakapofika ukingoni. Atakuwa katikati ya nguvu zake: analipa kodi, anakopa, anaajiri, anapiga kura, anasomesha. Yeye na wenzake watafanya mtihani wao wa kidato cha nne mwaka 2027, wa kwanza kwa mtaala mpya. Kila mwalimu wa Tanzania anajua kwamba kinachotoka kwenye mtihani ndicho kinachofundishwa; kisichotoka hurukwa, hata kiwe na sura nzima kitabuni. Kwa hiyo Baraza la Mitihani lina ufunguo mkononi. Swali moja la alama ishirini linatosha: bei za minada miwili ya korosho iliyopishana mwezi mmoja, kiasi kilichouzwa, thamani ya shilingi siku hizo, halafu mtahiniwa aeleze kilichotokea na amshauri mkulima auze au angoje. Swali hilo likitoka Novemba, Januari inayofuata litakuwa limeandikwa ubaoni kutoka Newala hadi Kakonko.